Hatua Kumi na Mbili Chini ya Masale

Handeni, 8 Machi 2021

Kwa Fundi Kaleb, Kwashemshi

YAH: HATUA KUMI NA MBILI ZILIZOPUNGUA

Habari za huko, na habari za mkeo Hosiana. Mimi mzima.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haishiki mpaka upande kanisani, na hata ingeshika ningeandika tu. Maneno ya simu hayana shahidi. Barua hii naipandisha basi la asubuhi hadi stendi ya Korogwe, na pale dereva wa gari la mboga atakuletea. Majibu yapite njia hiyo hiyo.

Sasa kiwanja. Tuliuziana hatua sabini kwa sabini, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wako na mmoja wangu. Jumamosi nilipokuja na Sabiri, dereva wa lori langu, ulituacha ukaenda kututafutia mapeasi. Ulipopotea kwenye migomba nikapima. Nilianza juu, kwenye njia ya miguu, nikashuka moja kwa moja hadi kwenye yale masale mliyoyapanda kuwa mpaka. Hamsini na nane. Nikamwambia Sabiri naye apime. Hamsini na tano, ana miguu mirefu. Ubavuni, kulia kwenda kushoto, ni sabini kamili, hapo sina neno.

Kumi na mbili ziko wapi?

Usinione mshari. Mume wangu alipofariki ndugu zake walikaa sebuleni wakahesabu sufuria, mimi nikatoka na tatu. Miaka kumi na moja nimeuza mayai na mihogo madirishani mwa mabasi pale Mombo. Basi linasimama dakika tano, na ndani ya dakika hizo kama hujui kuhesabu umekwisha. Leo nina bohari la mbao, na hakuna ubao unaoingia bila kidole changu kuupitia.

Nyumba hii ni kitu changu cha kwanza ambacho sitakiuza wala kukipangisha. Vyumba viwili vya mbao na baraza, ndani ya miti, mahali ambapo hakuna honi. Basi mtu asianze kunipunja kabla msingi haujachimbwa.

Nazitaka hatua zangu upande wa chini, bondeni, kwenye ile miti mikubwa ambako maji yanasikika. Nyumba itakaa huko huko.

Nangoja jibu, na lisiwe la utani.

Mwantumu Rehani

*

Kwashemshi, 13 Machi 2021

Mama Mwantumu, shikamoo.

Barua imefika na vidole vya dereva juu yake, matope ya karoti. Hosiana anakusalimu. Anasema uliaga na mapeasi ishirini na nne, ila kikapu kilipungua ishirini na sita. Nimemwambia aache. Msambaa na Mzigua ni watani tangu mababu, tunaibiana kuku na kutukanana misibani, hakuna anayekwenda polisi. Mtani akichukua, hajaiba.

Haya, utani nauweka pembeni kama ulivyoagiza.

Mimi nilipima nikipanda. Nilisimama kwenye masale, nikapanda hadi njia ya miguu, sabini. Wewe umepima ukishuka. Mama, huku kwetu mtu akishuka mlima mlima wenyewe unamsukuma, hatua inakuwa ndefu apende asipende. Akipanda hatua inakuwa kama ya kuku. Kwenu Kang'ata, huko Handeni, ardhi imelala kama mkeka, kwenda hatua mia na kurudi mia, ndiyo maana hukuwa na sababu ya kulifikiria hili. Panda uhesabu, utaniambia.

Na chini ya masale si kwangu, nisingeweza kukuuzia hata ningetaka. Pale kuna chemchemi. Kitongoji kizima kinachota hapo. Babu aliyapanda yale masale ili sisi wenyewe, watoto wake, tusishuke na majembe yetu.

Nyumba ikae juu yake. Maji utayasikia tu, kukiwa kimya.

Kaleb, fundi wako

*

Handeni, 17 Machi 2021

YAH: JIBU LA BARUA YAKO

Kaleb,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikajiuliza, mtu mwenye hoja ya kweli anaanzaje na mapeasi? Mara ya tatu nikaona. Unataka niamini kwamba ardhi ni ndefu nikipanda na fupi nikishuka. Hiyo ni mizani ya muuza mkaa. Ndugu wa mume wangu nao walikuwa na maneno matamu namna hii, na kila walipomaliza kunieleza nilikuwa na sufuria moja pungufu.

Na hiyo chemchemi. Mbona siku ya kuandikishana haikutajwa? Imechipuka baada ya mimi kuuliza?

Alhamisi ijayo Sabiri anakuja na lori. Analeta mbao za saipresi 212, nimezihesabu mwenyewe na amezisainia, mlango mmoja wa mninga, bati za geji 28, na vigingi vinne vyenye kamba nyekundu. Vigingi atavipigilia yeye, hatua kumi na mbili chini ya masale. Wewe jenga palipo na vigingi. Ukuta futi kumi na nane kwa kumi na mbili, misumari ya inchi nne kwenye kenchi za paa, usiweke ya tatu.

Kama hutaki, niambie sasa, mafundi Korogwe wapo. Na ukinitajia masale tena, huo ndio mwisho wa kazi kati yetu.

Mwantumu Rehani

*

Kwashemshi, 20 Juni 2021

Mama, shikamoo.

Nyumba imesimama. Nimejenga palipo na vigingi.

Bati zimetosha, na kofia ya paa imelala vizuri, mvua ya wiki iliyopita haikuingiza tone. Mlango wa mninga nimeutundika kwa bawaba tatu badala ya mbili kwa sababu ni mzito kama neno lako. Mbao zote 212 ziko ukutani, sakafuni na darini. Vipande vilivyokatwa viko chini ya baraza, urefu wa kiganja hadi urefu wa mkono, vihesabu ukija. Hosiana alitaka kuwashia jiko nikamkatalia.

Choo kipo nyuma, upande wa chini, kama Sabiri alivyoonyesha.

Lile jambo ulilonikataza sijalitaja. Nililiandika mara moja, barua unayo.

Ufunguo mmoja ninao mimi kwa ajili ya kufagia na kufungulia hewa. Mwingine huu hapa, ndani ya bahasha.

Kaleb

*

Nyumbani kwangu, Kwashemshi, 27 Desemba 2021

Kaleb,

Nakuandikia nikiwa barazani. Hosiana ameniambia uko Lushoto kwa kazi ya madawati hadi mwaka mpya, kwa hiyo barua hii namwachia yeye.

Nimelala humu siku tisa. Sikumbuki mara ya mwisho kulala siku tisa mahali ambapo sina ninachouza. Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja nikashika kichwa, nikidhani basi la Arusha limenipita na mayai yangu beseni zima. Kumbe ni ndege tu. Siku ya nne niliamka jua limeshaingia, nikabaki nimelala nikitazama mbao za dari. Thelathini na moja. Moja ina kifundo kama jicho la ng'ombe. Mchana nachemsha chai ya tangawizi, najifunga kitenge mabegani juu ya sweta, nakaa. Jana nimekaa saa nne nzima, Kaleb. Mtu akinikuta Handeni nimekaa saa nne ataita ndugu zangu.

Ukungu unaingia mpaka kwenye kikombe. Na maji yanasikika, ndiyo. Yanasikika hata bila kuwa kimya.

Kazi yako ni nzuri. Nimepitisha kidole kila kona sikupata mchomo hata mmoja. Nakuambia hili kwa maandishi ili usiseme sijawahi kusema.

Lakini kuna jambo. Kila asubuhi wanawake wanapita hapa na ndoo, kumi na saba kwenda, kumi na saba kurudi. Wanazunguka mbali, juu kwenye utelezi, wakati njia iliyonyooka inapita mbele ya baraza langu. Nawasalimu. Wanaitikia wakitazama chini. Juzi mmoja alisimama akaitazama nyumba, halafu choo, halafu mimi, akasonya akaenda zake. Mimi na watu hawa hatujawahi kugombana. Umewaambia nini kuhusu mimi?

Mwantumu

*

Kwashemshi, 9 Januari 2022

Mama, shikamoo, na heri ya mwaka.

Nimefurahi umelala. Ile ya beseni la mayai nimemsomea Hosiana, amecheka mpaka akakaa chini.

Wanawake wa huku ni wazito wa kusalimia, usiwahesabie. Na Mzigua mwenye sweta ni kioja, lazima watazame.

Sijawaambia lolote baya juu yako. Hilo liweke kwenye maandishi pia.

Kaleb

*

Handeni, 22 Agosti 2022

YAH: SHIMO LILILOFUKIWA

Kaleb,

Nimekuja Ijumaa bila kuarifu, nimekaa siku nne, nimeondoka bila kukuona. Hosiana alisema uko shambani. Siku zote nne?

Choo changu hakipo. Pale kilipokuwa pamesawazishwa na kupandwa migomba mitatu, na migomba yenyewe imeshachanua majani, maana yake si kazi ya juzi. Choo kingine kimejengwa kule juu, ng'ambo ya masale, kwa mbao zile zile. Nimepima, ni hatua arobaini na nne kutoka mlangoni kwangu, na zote ni za kupanda. Mwanamke wa miaka yangu, na mvua, na taa mkononi.

Nani alikutuma? Mtu hafukii shimo zima bila sababu. Umefukia nini humo?

Sabiri anasema huko milimani watu wanaficha mbao za magendo mashimoni. Mimi sijasema hivyo, nimemnukuu Sabiri. Lakini nimeiona njia mpya ya miguu inayopita nyuma ya nyumba, imekanyagwa sana, na hainiambii kitu.

Nijibu kwa maneno yanayoeleweka.

Mwantumu Rehani

*

Kwashemshi, 30 Agosti 2022

Mama, shikamoo.

Choo kilikuwa kinatitia. Ardhi ya chini ni ya maji. Nikakihamisha kabla hakijakumeza, tukakosa mtani wa kumtukana. Hatua arobaini na nne za kupanda zitakupa afya.

Shimoni nimefukia udongo. Chimba kama huamini, jembe liko chini ya kitanda.

Njia ni ya watu. Watu wana miguu.

Ndizi zikiiva nitakutumia mkungu.

Kaleb

*

Handeni, 25 Septemba 2023

YAH: KUPIGWA RANDA KWA UKUTA WANGU NA NAMBA ZA SIRI

Fundi Kaleb,

Ndizi zako nilizila mwaka jana nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Nimetoka huko juzi. Ukuta wa mbele, kulia kwa mlango, kimo cha kifua changu, mbao tatu zimepigwa randa. Saipresi yangu imeshakuwa ya kijivu kwa miaka miwili ya mvua, lakini hapo ni nyeupe kama jana, upana wa mikono miwili. Nimepapasa. Pamebonyea. Ubao unaopigwa randa namna hiyo umepungua unene, na anayepunguza unene ama anafuta kitu ama anajaribu kama mbao zinafaa kuuzwa. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao, Kaleb. Mnunuzi makini kabla hajatoa neno huomba randa, autazame moyo wa ubao.

Nikaingia ndani. Nikasogeza kitanda. Nyuma yake, kwenye kila ubao, kuna namba kwa penseli. Nikasogeza kabati, namba. Nikalala chali chini ya meza, namba. Moja mpaka mia mbili na kumi na mbili, mwandiko ni wako, ile saba yako yenye mkia. Umezipanga kwa zamu ya kung'olewa. Umeorodhesha nyumba yangu kama wale walivyoorodhesha sufuria zangu, tofauti ni kwamba wao walifanya mbele yangu.

Nani mnunuzi? Alikuja lini? Amelala humo?

Nimekupa ufunguo miaka miwili na miezi mitatu. Sasa naomba uurudishe kwa njia ile ile, bahasha ifungwe kwa gundi. Mwezi wa kumi na moja nakuja na Sabiri na askari, na kila ubao utahesabiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji chenu. Kama una la kusema, sema sasa. Na utani wako uache kwenye misiba.

Mwantumu Rehani
Mwenye nyumba

*

Kwashemshi, 2 Oktoba 2023

Mama,

Ufunguo huu.

Randa yangu na futi ya kupimia vimebaki humo, juu ya dirisha. Nitavifuata ukiniruhusu.

Kaleb

*

Kwashemshi, 6 Oktoba 2023

Mama Mwantumu, shikamoo.

Ni mimi Hosiana. Kaleb hajui kama nakuandikia. Mwandiko wangu si mzuri, utanivumilia.

Barua yako aliisoma amesimama. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akaenda kuchonga mpini wa jembe ambalo lina mpini. Mimi nimeishi naye miaka ishirini na tatu, hajawahi kukosa jibu kwa mtani. Usiku huo ugali aliuacha. Nikaichukua mfukoni nikaisoma. Nisamehe, na yeye anisamehe.

Mama, umehesabu vizuri kila kitu. Sasa nikuambie ulikuwa unahesabu nini.

Kuna kamati ya maji hapa kitongojini. Sheria inasema mita sitini kutoka chanzo cha maji mtu asijenge. Kamati walipokuja na kamba waliinyoosha kutoka chemchemi, ikaishia kwenye masale. Yale ya babu. Yeye hakujua mita wala kamati, alijua maji. Nyumba yako iko mita arobaini na nane.

Kaleb alikuwa katibu wa kamati hiyo. Siku vigingi vyako vilipopigiliwa walimwita wakamuuliza, unamjengea nani kwenye maji yetu? Akasema, ni mtani wangu, amekosea hesabu, atazinduka, mimi nasimama kwa niaba yake. Wakamtoa ukatibu. Wakampa miaka mitatu aihamishe nyumba. Akaweka sahihi yeye, wewe huna sahihi popote.

Mwaka wa kwanza, mvua ziliponyesha, maji yalitoa harufu. Choo chako kilikuwa juu yake. Watoto wawili waliharisha, mmoja ni mjukuu wa dada yangu, wamepona, Mungu mwema. Yule mwanamke aliyesonya ndiye huyo dada. Kaleb alikifukia peke yake kwa siku sita, akapanda migomba inyonye. Ile njia ya nyuma wameikata wanawake, wasipite barazani kwako wakakutukana.

Mwezi wa tano mwaka huu kamati walipiga alama ya X nyekundu ukutani. Wewe ulikuwa umesema unakuja Idi, ingawa mwishowe hukuja. Kaleb akasema, asiamke akakuta X kwenye nyumba yake siku ya sikukuu. Akaipiga randa. Kwa kuifuta wakampa adhabu, siku kumi na nne za kuchimba mtaro, na ndiko alikokuwa ulipokuja mwezi uliopita ukamwuliza, nami nikasema tena yuko shambani, kama mwaka jana alipokuwa akikukwepa kwa sababu ya choo.

Namba ni za kuisimamisha tena juu ya masale, kila ubao mahali pake, usipate hata tundu la msumari lililopotea. Alitaka aihamishe wewe ukiwa Handeni, uje uikute. Nilimwambia, huyu mama anapima kila kitu, utamwambiaje nyumba imepanda mlima? Akasema, nitamwambia ni utani.

Nilimuuliza mara nyingi kwa nini hakuambii. Alisema, nilimwambia mara moja akaniita muuza mkaa. Halafu akasema, umemwona anavyolala? Muache alale kwanza.

Miaka mitatu inaisha mwezi wa tatu mwakani. Ukija na askari, njoo. Lakini pima ukipanda.

Hosiana

*

Kwashemshi, 19 Novemba 2023

Kaleb,

Askari sikumleta. Sabiri nimemwacha na lori barabarani, nimemwambia akileta neno la mbao za magendo tena atashuka Mombo kwa miguu.

Nimefika saa tatu asubuhi. Nimechukua futi yako juu ya dirisha, ile ya mita tano, nimeinyoosha mara tisa na kipande kutoka masale hadi njia ya miguu. Mita arobaini na tano na nusu. Kisha nikashuka nikihesabu kama siku ile. Hamsini na nane. Mlima wenu ulikuwa unanisukuma mgongoni na mimi nikidhani ni akili yangu.

Halafu nikageuka nikapanda.

Bohari kwangu mtu akikosea hesabu hatukani wala halii. Anarudia kuhesabu kwa sauti, mbele ya wenzake. Kwa hiyo nilingoja wanawake wa ndoo. Walipotokea nikasimama kwenye masale nikaanza, moja, mbili, kwa sauti ya Mombo, unaijua. Wakasimama. Nilipofika arobaini magoti yakaniambia yana miaka sitini. Yule aliyesonya akaniuliza, "Mama, unahesabu nini?"

Nikamwambia, "Nahesabu ujinga wangu."

"Umefika ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Bado sana!"

Wakacheka wote, mpaka maji ya mmoja yakamwagika. Nikacheka na mimi, nikapoteza hesabu, ikabidi nirudi chini nianze upya. Walikaa wakanisubiri. Sabini na moja, Kaleb. Maana yake siku ile ulinizidishia hatua moja, na hukusema.

Yule dada wa Hosiana nimemuuliza habari za mjukuu. Ameniambia yuko shule. Nikambebea ndoo hadi njiani. Ilikuwa nzito.

Jioni nimefungua daftari langu. Tangu nyumba isimame nimelala humu siku sitini na moja. Wewe umefukia choo siku sita, umechimba mtaro siku kumi na nne, umeacha ukatibu, umesimama mbele ya watu kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa Handeni naandika YAH. Hesabu hii haina pa kuifungia, nimejaribu.

Sasa sikiliza, na usibishe. Nyumba ing'oe. Usiisimamishe tena juu ya masale. Mtu anayelala siku sitini na moja kwa miaka miwili na nusu hahitaji nyumba, anahitaji chumba kwa watu. Nijengee chumba kimoja uani kwenu, ubavuni mwa jiko la Hosiana, futi kumi kwa kumi, mlango wa mninga. Siku ambazo sipo aweke mahindi. Mbao zinazobaki zungushia chemchemi, ng'ombe wasiingie. Kile kiwanja cha juu kilimeni viazi, sitadai ila gunia moja kila mavuno, kwa sababu mimi ni mimi.

Nililia kidogo nilipozima jiko. Ile mbao ya jicho la ng'ombe ndiyo namba mia moja na tisini. Iweke darini kwangu, nikilala niione.

Ufunguo nimeutundika kwenye masale.

Futi yako nimeondoka nayo. Nimeichukua kama mtani. Usiende polisi.

Mwantumu

*

Kwashemshi, 11 Februari 2024

Mtani wangu, shikamoo.

Tumeing'oa kwa siku mbili. Nilitegemea mafundi wanne, wakaja watu ishirini na watatu, wanawake wengi kuliko wanaume, kila mmoja akachukua ubao begani akapanda nao. Mlango wa mninga walibeba watu watano wakikutukana hatua kwa hatua. Pale ilipokuwa nyumba nimeacha migomba tu. Maji ukisimama hapo utasikia, lakini hakuna wa kusimama, kila mtu ana ndoo.

Chumba chako kimefika kwenye kenchi. Jicho la ng'ombe liko darini, Hosiana amelala chini yake akajaribu, anasema linamtazama. Amenyoosha blanketi mbili, na sufuria tatu kaziweka kwenye rafu yako, mpya. Nimemuuliza kwa nini tatu. Amesema nisiulize.

Mbao zilipofika juu nimezihesabu mara mbili, mbele ya kamati, maana nawe nakujua.

Zimefika mia mbili na kumi na moja.

Ule mmoja uliopigwa randa sana hauonekani. Huku barazani kwetu kuna kigoda kipya, cha saipresi, sijui kimetoka wapi, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Nimefuatilia, sijapata mwizi. Njoo upime mwenyewe, futi unayo wewe.

Kaleb